Kiti Kilichofasiriwa

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifasiri riwaya moja ya Kiingereza, ya zama za nyumba kubwa na watumishi wengi, nikakwama katika sentensi isiyokuwa na jambo lolote la ajabu. Bibi mmoja anaingia sebuleni, anavua glavu zake, anakaa. Ndiyo yote. Lakini mwandishi hakutosheka kusema kiti. Alikitaja kiti hicho kwa namna ya miguu yake, na jina la miguu hiyo lilikuwa la Kifaransa. Kando yake palikuwa na kabati fupi lenye watoto watatu wa kuvuta, nalo pia lilikuwa na jina la Kifaransa. Mti peke yake ndio uliotajwa kwa jina lisilokuwa la Kifaransa wala, kama nilivyokuja kujua baadaye, la Kiingereza: mahogani.

Nilifanya kama wafanyavyo wafasiri waliochoka. Niliandika "kiti kizuri cha mbao", nikafungua ukurasa wa pili. Lakini mfasiri aliyeruka neno ni kama mpishi aliyeongeza maji katika mchuzi: wageni huenda wasijue, yeye anajua. Riwaya ikamalizika, sentensi ile haikumalizika. Sikupata kusoma historia ya sanaa skulini wala chuoni; kila ninachokijua nimekiokota vitabuni, kimoja nikikifungua kwa ufunguo wa chengine. Basi nikaanza kuokota, na nilichokipata ndicho ninachotaka kukiweka mbele ya msomaji, kwa sababu kimenifunza juu ya kazi yangu kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa makusudi kufundisha ufasiri.

Nimekuja kuamini kwamba samani ya mahogani ya Uingereza ya karne ya 18, ile ambayo leo huuzwa mnadani kama kilele cha ustadi wa Kiingereza, ni tarjuma. Umbo lake kwa sehemu kubwa ni la Kifaransa. Waingereza walilisoma, wakalipenda, wakalionea haya, kisha wakalitia katika mti mwengine na katika tabia nyengine. Mti wenyewe nao haukuwa wao. Kwa hivyo kiti hicho kina madeni mawili. La kwanza lilikubaliwa kwa shingo upande. La pili halikutajwa kabisa.

Kisa kinaanza kwa dini. Mwaka 1598 Mfalme Henri IV wa Ufaransa alitoa amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti wa nchi yake, waitwao Wahugenoti, ruhusa ya kuabudu kwa masharti. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis XIV, aliifuta amri hiyo. Wahubiri wakafukuzwa, makanisa yao yakabomolewa, na waumini wa kawaida wakakatazwa hata kuhama. Wakahama hivyo hivyo, kwa siri, baharini na nchi kavu. Wanahistoria hukadiria kwamba kiasi cha watu 50,000 waliingia Uingereza. Wengi wao walikuwa na mtaji ambao askari wa mpakani hawezi kuutwaa, nao ni ujuzi wa mikono: wafuma hariri waliokwenda kukaa Spitalfields, wafua fedha, wachonga mbao na wapaka dhahabu waliojaa katika mitaa ya Soho, London.

Miongoni mwa wakimbizi hao alikuwamo Daniel Marot, mzaliwa wa Paris wa mwaka 1661, mchoraji wa majumba, mapazia, vitanda na viti. Alikimbilia Uholanzi akamtumikia Mwanamfalme William wa Orange. William alipotawazwa kuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1689, Marot alimfuata kwa muda, na kazi yake ikaonekana katika kasri la Hampton Court. Katika kasri hilo hilo fundi mwengine wa Kihugenoti, Jean Pelletier, alimchongea mfalme meza na vinara vilivyopakwa dhahabu. Sasa msomaji na atazame: William alitumia sehemu kubwa ya umri wake kupigana na Louis XIV, na jioni akirudi nyumbani hukaa katika vyumba vilivyopambwa kwa mtindo wa baraza la Louis XIV. Aliyewafukuza mafundi ndiye aliyeusambaza ufundi wao.

Tangu hapo umbo la kiti cha Kiingereza likaanza kupinda. Mguu ulionyooka, uliokerezwa, ukauachia nafasi mguu wenye goti na kifundo: unatoka nje kwa juu, unaingia ndani chini, unasimama juu ya kidole kama mnyama anayetaka kuruka. Huo ndio mguu wa riwaya yangu. Jina lake, kabrioli, Wafaransa walilichukua kwa Wataliani, na asili yake ni mruko wa mbuzi. Wacheza dansi walilitumia kabla ya maseremala. Tena Waingereza wa zama zile hawakuuita mguu huo hivyo. Jina walilibandika wajukuu wao, katika karne ya 19. Katika kitabu cha michoro cha George Hepplewhite, kilichotolewa na mjane wake mwaka 1788, neno hilo hilo maana yake ni kiti chenye mgongo uliojazwa na kuvishwa kitambaa. Mafundi wa Kifaransa nao walikuwa na jina lao la zamani la mguu uliopinda, jina ambalo sisi hatuhitaji hata kuliazima: mguu wa paa jike.

Maneno ya namna hii yana safari ndefu kuliko watu. Chukua lile kabati fupi lenye watoto wa kuvuta. Kwa Kifaransa liliitwa komodi, yaani "lenye kufaa", kwa kuwa lilikuwa rahisi kutumia kuliko masanduku makubwa ya kufunua juu. Neno likavuka mkondo wa bahari likawa fahari ya sebule za Kiingereza. Baada ya miaka mia moja, Waingereza wa zama za Malkia Victoria, wenye haya nyingi, wakalitumia kukifichia jina kiti cha kwendea haja chumbani. Neno liliingia kwa mlango wa mbele likatokea uani.

Hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 18 miguu hii ilichongwa zaidi kwa mti wa jozi, ambao ni mzuri kwa rangi lakini huliwa na funza. Kilichobadilisha mambo kilikuwa sheria ya ushuru. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza, likitafuta njia ya kulihakikishia jeshi la majini mbao na lami, lilifuta ushuru wa mbao zitokazo katika makoloni ya Uingereza ya Amerika. Waliotunga sheria walifikiria milingoti ya meli. Waliofaidika zaidi wakawa maseremala wa London, kwa sababu miongoni mwa mbao zilizoanza kushuka bandarini kwa wingi ilikuwamo mahogani ya Jamaika.

Seremala yeyote ataelewa kwa nini waliipenda. Mahogani ni ngumu lakini haina ukaidi. Haipindi ovyo, haipasuki upesi, funza hawaipendi. Miti ilikuwa minene kiasi cha kutoa ubao mmoja mpana unaotosha uso wa meza nzima bila ya kiungo. Muhimu kuliko yote, patasi inapopita juu yake huacha ukingo mkali unaobaki mkali. Unaweza kuuchonga mgongo wa kiti ukautoboa matundu mpaka ukawa kama utepe uliofungwa fundo, na mtu mzima akauegemea usivunjike.

Mti ulikuwa tayari; sasa umbo jipya lilikuwa njiani kutoka Paris. Katika miaka ya 1720 na 1730 wasanii wa huko walianza kuchoshwa na mistari iliyonyooka na pande zinazolingana. Wakapenda mawe na makombe ya baharini, povu, majani yaliyojikunja, herufi C zilizolala mgongo kwa mgongo, upande mmoja ukikataa kufanana na wa pili. Kutokana na neno lao la mapambo ya mawe na makombe, mtindo huu ulikuja kuitwa rokoko. Sisi watu wa visiwani, tuliokulia mbele ya milango ya nakshi na kuokota makombe pwani, tunaweza kuuelewa bila ya maelezo marefu.

Mtindo uliingia London kwa njia ya karatasi na kwa njia ya walimu. Mwalimu mkubwa alikuwa Hubert Gravelot, mchoraji na mchonga sahani za kuchapishia, aliyefika kutoka Paris mwanzoni mwa miaka ya 1730 akakaa zaidi ya miaka kumi. Alifundisha katika chuo cha uchoraji cha St Martin's Lane, kilichoanzishwa mwaka 1735 na William Hogarth, msanii ambaye hakuna aliyemshinda kwa kuwakejeli Wafaransa. Jirani na chuo hicho ulikuwapo mkahawa wa Slaughter, ambamo wachoraji, wachongaji na maseremala walikaa pamoja, Wafaransa na Waingereza, wakinywa kahawa na kuoneshana michoro. Katika mtaa huo huo, mwishoni mwa mwaka 1753, alihamia Thomas Chippendale, mtoto wa fundi mbao wa mji mdogo wa Otley, Yorkshire, aliyebatizwa mwaka 1718.

Mwaka uliofuata, 1754, Chippendale alichapisha kitabu kikubwa cha michoro 160, The Gentleman and Cabinet-Maker's Director, yaani Mwongozi wa Muungwana na Fundi wa Makabati. Zaidi ya watu mia tatu walijiandikisha mapema kukinunua, wakiwamo makabaila na mafundi wenzake. Jalada la ndani linatangaza samani za mitindo mitatu: wa Kigothi, wa Kichina na wa kisasa. Ufaransa haumo katika orodha hiyo. Mtu akifungua kurasa ndipo anapogundua kwamba huo "wa kisasa" ni wa Kifaransa, maana chini ya michoro jina limeandikwa waziwazi: viti vya Kifaransa, meza za komodi za Kifaransa. Mfasiri anaujua mtindo huu. Jina la mwandishi wa asili huwekwa ndani, kwa herufi ndogo.

Hata hivyo, siandiki haya kumshitaki Chippendale kwa wizi. Nataka kuonesha alichokifanya, kwa sababu hapo ndipo penye somo.

Paris ilikuwa na vyama vya mafundi vyenye sheria kali. Aliyetengeneza viti vya mbao tupu alikuwa na kazi yake, na aliyebandika mbao nyembamba za thamani juu ya makabati alikuwa na yake. Huyu wa pili aliitwa ebenisti, yaani fundi wa mpingo, kwa kuwa ufundi huo ulianza Paris kwa mbao nyeusi zilizoletwa kwa meli. Fundi mbao hakuruhusiwa kuyeyusha na kutia dhahabu mapambo ya shaba. Hiyo ilikuwa haki ya chama chengine. Kwa hivyo komodi ya Paris ni kazi ya mikono mingi. Ndani pana mwaloni. Juu yake pamebandikwa ngozi ya mbao za rangi zilizopangwa maua kwa kazi ya njumu. Pembeni na miguuni pamepigiliwa shaba iliyopakwa dhahabu, yenye majani na makombe. Viti navyo aghalabu vilichongwa kwa mbao za kawaida za misitu ya kwao, kisha vikapakwa rangi au dhahabu. Mbao zenyewe hazikukusudiwa kuonekana.

London haikuwa na mipaka ya namna hiyo. Karakana moja iliweza kuchonga, kubandika, kupaka dhahabu na kushona mito. Basi fundi wa Kiingereza aliyekuwa na mchoro wa Kifaransa mkononi na gogo la mahogani mbele yake alikabiliwa na swali la kifasiri hasa: nini kifanywe na jani la shaba? Mara nyingi jibu lake lilikuwa kulichonga jani hilo katika mti wenyewe. Pale ambapo Mfaransa alipigilia shaba kwenye goti la mguu, Mwingereza aliliacha goti nene, kisha akalichimbua kwa patasi mpaka likatoka kombe au jani, mti ule ule, rangi ile ile. Dhahabu ikageuka kivuli. Ukitaka kuiona nakshi yenyewe, sharti usogee, au usubiri jua la jioni liipige kwa ubavu. Waingereza walipaka dhahabu pia, tena sana, katika vyumba vya fahari. Lakini katika vyumba vya kulia na vya vitabu, mahogani iliachwa uchi, ikang'arishwa tu.

Hiyo ndiyo tarjuma nzuri. Haikufuata neno kwa neno, maana neno kwa neno lingekuwa shaba. Iliuliza jani lile lilikuwa na kazi gani katika sentensi ya asili, kisha ikatafuta katika lugha yake kitu chenye kazi hiyo. Chippendale mwenyewe alilijua hili. Katika maelezo ya baadhi ya viti vyake vya Kifaransa anawaambia mafundi kwamba nakshi inaweza kupunguzwa na fundi mwerevu bila ya kukiharibu kiti. Aliwaachia nafasi ya kufasiri upya tarjuma yake. Na mafundi hao walikuwapo, ingawa hatuwajui. Karakana yake iliposhika moto mwaka 1755, yaliungua masanduku ya zana ya mafundi 22. Kitabu hubeba jina moja. Kazi ilikuwa ya watu ishirini na zaidi.

Haya yote yalikuwa yakitendeka wakati Uingereza na Ufaransa wakipigana. Walikuwa vitani tangu 1744 hadi 1748, wakarudi vitani tangu 1756 hadi 1763. Mwaka 1745 iliundwa London jumuiya ya kupinga Ufaransa, iliyowataka wananchi wasinunue bidhaa za adui na wasiige mitindo yake. Hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki, mchonga nakshi aitwaye Thomas Johnson. Mwaka 1758 Johnson alikusanya michoro yake ya fremu za vioo, vinara na meza, akaitunuku kwa Lord Blakeney, rais mkuu wa jumuiya hiyo. Blakeney ndiye jemadari mzee aliyeilinda ngome ya Minorca mwaka 1756 mpaka akalazimika kuisalimisha kwa Wafaransa. Katika ukurasa wa tabaruku Johnson alichora kitoto chenye mbawa kikiichoma moto karatasi iliyoandikwa jina la mapambo ya Kifaransa ya karatasi zilizopondwa.

Tabaruku ni ya kishujaa. Lakini kitoto chenyewe, mbawa zake, majani na herufi C zinazouzunguka ukurasa, vyote ni rokoko. Katika London nzima hapakuwa na mchongaji aliyeogelea ndani ya mtindo wa Kifaransa kwa kina kama Johnson. Aliuchoma Ufaransa kwa moto uliochorwa Kifaransa.

Nilipoona hivyo kwa mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza. Nimewasikia washairi wengi, na mimi nikiwa mmoja wao katika ujana, wakiapa kwamba hawana deni kwa mtu, katika beti ambazo kila mzani wake umetoka kwa mwengine. Anayeukana mkopo huwa ameshautia nakshini.

Biashara haikusikiliza jumuiya. Pierre Langlois, fundi Mfaransa aliyefungua karakana katika barabara ya Tottenham Court kiasi cha mwaka 1759, aliwauzia Waingereza komodi huku kadi yake ya biashara ikizungumza lugha zote mbili. Mwaka 1762 Mwongozi wa Chippendale ulitoka mara ya tatu ukiwa na michoro 200, na ukatolewa pia kwa Kifaransa. Wafaransa wakapata kusoma umbo lao likiwarudia kwa lafudhi ya kigeni. Mwaka 1769 Chippendale huyo huyo alikamatwa na watu wa forodha kwa kutaka kuingiza kutoka Ufaransa viti 60 visivyomalizwa, alivyovitaja kwa bei ndogo kuliko thamani yake. Nao Wafaransa, zilipofika miaka ya 1780, walishikwa na mapenzi ya mambo ya Kiingereza. Georges Jacob, bingwa wa viti wa Paris, akaanza kuchonga viti vya mahogani tupu, bila ya dhahabu, kwa namna ya Waingereza. Mkopo ulirudi kwa mwenyewe ukiwa na faida.

Mapinduzi ya Ufaransa yalileta sura ya mwisho. Kuanzia Agosti 1793 hadi Agosti 1794 vyombo vya kasri la Versailles viliuzwa mnadani, mafungu zaidi ya 17,000. Kabla ya hapo Mwanamfalme wa Wales alikuwa ameshaijaza nyumba yake ya Carlton House vitu vya Paris kwa msaada wa mfanyabiashara Dominique Daguerre. Baada ya hapo matajiri wa Uingereza walinunua kilichotapanywa, na mafundi wao wakapata kukigusa kwa mikono kile ambacho babu zao walikisoma katika karatasi.

Hilo ndilo deni la kwanza. Lilidaiwa, likakanwa, likalipwa kwa namna yake. Majina ya wadai yanajulikana. Ningeweza kuishia hapa, na vitabu vingi vya samani huishia hapa. Lakini sentensi yangu ilikuwa na neno la tatu, na nilipoligeuza neno hilo nilijikuta nimetoka London.

Mahogani ya Jamaika ilikatwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani. Waliikata walipokuwa wakisafisha ardhi kwa ajili ya miwa, wakaikata tena ilipokuwa mali yenyewe. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 miti mikubwa iliyokuwa karibu na pwani na mito ya kisiwa hicho ilikuwa imekwisha, na mashoka yakahamia ghuba ya Honduras, nchi tuiitayo leo Belize. Mkataba wa mwaka 1786 baina ya Uingereza na Uhispania uliwaruhusu rasmi Waingereza kukata mahogani huko.

Kazi ilikwenda kwa makundi ya watumwa, na kila kundi lilikuwa na mmoja aliyeitwa mwindaji. Yeye hakuwinda wanyama. Mwezi wa Agosti, majani ya mahogani yanapoanza kugeuka rangi ya manjano na wekundu, aliupanda mti mrefu kuliko yote, akautazama msitu kutoka juu, akaitambua miti kwa rangi ya majani yake kutoka mbali. Kisha akashuka na kuliongoza kundi mpaka shinani. Mashina yana mizizi mipana kama kuta, kwa hivyo wakataji walijenga jukwaa, wakasimama juu yake kwa urefu wa watu wawili kutoka ardhini, wakapiga shoka. Magogo yalivutwa na ng'ombe wakati wa kiangazi, usiku, kwa mwanga wa mienge, kwa kuwa mchana joto liliwashinda wanyama. Mvua za Juni zilipofika yaliachiwa mitoni yaelee mpaka baharini.

Jicho la mwindaji huyo ni elimu. Kusoma rangi ya jani kutoka kileleni mwa mti, ukajua kilicho chini yake, si kazi ndogo kuliko kusoma mchoro wa Gravelot. Lakini hakuna mwindaji aliyetajwa katika Mwongozi wa fundi yeyote, na hapana jumuiya iliyoundwa London hata kumkataa. Wafaransa walichukiwa, na kuchukiwa ni namna ya kutambuliwa. Huyu hakuchukiwa, hakuonekana. Na fedha zilizonunua kiti mara nyingi zilitoka pale pale ulipotoka mti: kazi kubwa kuliko zote aliyopata Chippendale, kuanzia mwaka 1767, ilikuwa nyumba ya Harewood huko Yorkshire, ya ukoo wa Lascelles, ambao utajiri wake ulijengwa kwa sukari na watumwa wa Barbados.

Lipo neno moja ambalo huenda likawa sauti yao. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa misitu wa Kimarekani, F. Bruce Lamb, alitoa hoja kwamba jina mahogani limetokana na Kiyoruba. Wayoruba waliopelekwa Jamaika, alisema, waliona mti unaofanana na oganwo wa kwao wakauita hivyo, na Waingereza wakalisikia jina wakalipindisha. Wataalamu wa lugha waliipinga hoja hiyo, na mjadala haukupata kufungwa. Mimi si mwamuzi. Najua tu kwamba oganwo ni ndugu wa mkangazi wetu wa bara, na kwamba mkangazi, mahogani na mwarobaini unaotupa kivuli uani ni ukoo mmoja katika elimu ya mimea. Mtu aliyepelekwa ng'ambo kwa nguvu, akainua macho akamwona jamaa wa mti wa kwao, na akauita kwa jina: ikiwa ni kweli, naye alikuwa mfasiri.

Mahogani yenyewe imekuwa adimu. Biashara ya mti wa visiwani iliwekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa mwaka 1992, na ule wa bara la Amerika ukafuatishwa kwa uamuzi wa mwaka 2002. Viti vya Chippendale vimeishi kuliko misitu vilimotoka.

Nimerudi katika sentensi yangu, kwa ajili ya chapa ya pili, kama Mungu akijaalia ipatikane. Bibi sasa anakaa katika "kiti cha mahogani chenye miguu ya paa". Mguu wa paa nimeuchukua kwa Wafaransa moja kwa moja, kwa kuwa ndio wenyewe. Kuhusu mti, nilishawishika kuandika mkangazi, ili msomaji wangu auone karibu. Nikaacha. Mkangazi ungeisafisha sentensi. Ungeufanya mti uonekane kama uliotoka msitu wa jirani kwa salama. Mahogani na ibaki mahogani, ngeni mdomoni, ili mwenye kusoma aulize ilifikaje hapo.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Mfasiri hana fedha ya kulipia. Anachoweza ni kumtaja aliyemkopesha, na kutolirusha neno la tatu.